Kidole Gumba cha Shinuna

Mwaka huu nimepewa kazi ya kuchekesha:
kubuni pikipiki ya theluji
ya watoto wasiowahi kupanda hata baiskeli ya maana,
hapa Ghala, Maskati, mwezi wa Juni,
spana ukiisahau juani
inakuachia alama kiganjani.

Ni ya ukumbi mpya, njia ya Barka:
paa moja, kilima kimoja, theluji ya mashine.
Bosi kasema iwe ndogo, iwe nyepesi,
isimtishe mzazi mwenye pochi.
Mimi theluji nimeiona kwenye kalenda tu,
dukani kwa mjomba, Mutrah:
mlima Kilimanjaro, na chini yake
deni la mchele kwa kalamu nyekundu.

Nikaanza na mikono.
Ijumaa, baada ya wali na papa,
niliwapanga sebuleni wajukuu wa Bibi Thuwaiba
nikawapima vidole kwa uzi wa kudarizia kofia.
Kumbe vipimo vyote vya kitabuni
ni vya wanaume wenye viganja vya seremala.
Kidole gumba cha Shinuna, miaka minane,
hakikifikii kibonyezo cha mwendo.
Kinanyooka, kinatetemeka, kinakomea hewani.

Bibi, machoni kope zimefumba, masikio yako kazini:
"Mtoto akililia wembe, mpe."
"Nitampa, Bibi. Ila makali nitayasaga kwanza."
"Ukiyasaga yote,
atajuaje kama ni wembe?"

Hilo sikuwa na mchoro wake.

Nikakisogeza kibonyezo, nikalegeza springi.
Nikafunga mwendo kwenye kumi na tatu kwa saa.
Thani, fundi wa kuchomelea, akavua miwani yake:
"Punda wa babu yangu Nizwa alikuwa na haraka kuliko hiki."
Nikaweka kamba ya mkononi:
mtoto akianguka, kamba inachomoka, mashine inakufa.
Nikaijaribu mara mia mbili mezani.
Meza haianguki, lakini.

Theluji tungeipata wapi?
Kiwanda cha barafu ya samaki, saa tano usiku.
Biju, mlinzi, katufungulia kwa sharti la picha moja
ampelekee mwanawe Kerala.
Barafu iliyosagwa, tani nzima, imetandazwa chumba kizima,
na harufu ya nguru kila pembe.
Shinuna kavaa koti la baba yake,
soksi mikononi badala ya glavu,
na helmeti iliyomgeuza uyoga.

Akabonyeza.
Kidole kilifika.

Mzunguko wa kwanza alikaza meno.
Wa pili akaanza kuimba kitu cha shule.
Wa tatu akakata kona kama anadaiwa,
ski ya kushoto ikapanda, ya kulia ikazama,
na pikipiki yangu ikalala ubavu
taratibu, kama ng'ombe.

Kamba ilichomoka.
Kimya. Mashine za kupozea tu, na Thani akisema Ya Latifu, Ya Latifu.
Nilikimbia, nikateleza, nikafika kwa magoti.
Akainuka mwenyewe, barafu mdomoni.
Akatema.
"Ina ladha ya samaki," akasema.
Halafu, kwa hasira ya mtu aliyefichwa jambo:
"Shangazi, mbona hukuniambia kwamba inaanguka?"

Usiku ule nilitanua ski kwa vidole vinne,
vidole vyake, si vyangu.
Kamba nikaiacha. Kumi na tatu nikaiacha.
Ila ile springi ya kona,
niliyotaka kuikaza hadi isiweze kuinama kabisa,
nikaifikiria sana, nikaiacha ilivyo,
na pembeni ya mchoro nikaandika: waambiwe.

Njiani kurudi, upepo wa moto dirishani,
alilala na soksi zake mikononi.
Kidole gumba kikawa kinaubonyeza mkanda wa kiti,
kinaachia, kinabonyeza,
nami, bila kukusudia, nikaongeza mwendo.